Kengele Iliyomuumiza Baba Kichwa

Kuna harufu moja ambayo hadi leo ikinipata hunitafutisha mlango. Ni harufu ya vumbi linaloungua polepole juu ya nyaya za shaba, na ndani yake kuna mpira uliozeeka. Si harufu mbaya; mtu mwingine angesema ni pasi iliyosahauliwa juu ya nguo. Ilinipata juzi, nikiwa mtu mzima mwenye watoto, katika depo ya marehemu Shangazi Zuena, na kabla sijajua ninachofanya nilikuwa nimeshafika nje, mgongo ukutani, nahema.

Kilio kilikuwa kimekwisha na ukoo ulikuwa unagawa vitu vya marehemu. Sufuria zilipata wenyewe, vikwembe vyake vya kuvaa vilipata wenyewe, hata cherehani bovu lilipata wa kuligombea. Kisha wakafunua turubai, na chini ya magunia matupu ya mchele wa Kibombo ikaonekana flipa. Hapo hakuna aliyegombana na mtu. Baba yangu mdogo aliigonga ubavuni kama anayemkagua mbuzi. "Hii ni kintu ya baba yako, Mauwa," alisema. "Ilikuwa ya babu yako, ikakuwa ya baba yako, sasa njo yako." Shabani, mtoto wa marehemu shangazi, ambaye hushinda akitengeneza redio na taa za jua za watu wa mtaa, alikuwa ameshaunga waya kutoka kwenye betri yake ili aone kama mashine bado ina roho. Taa moja ikakonyeza. Vumbi likaanza kuungua, nami nikatoka mbio.

Watu wa rika langu hawahitaji kuelezwa flipa, lakini hawa watoto wetu wa simu wanahitaji. Ni meza ndefu ya miguu minne yenye kioo juu, na chini ya kioo kuna uwanja ulioinama. Unavuta kijiti chenye springi, mpira wa chuma unaruka hadi juu, kisha unateremka ukijigonga kwenye nguzo, na wewe unaurudisha kwa mabawa mawili madogo usije ukatumbukia. Kila nguzo ikigongwa taa zinawaka, namba zinapanda, kengele inalia. Babu yangu alikuwa mpishi katika baa ya Mgiriki mmoja pale mtaa wa Kasuku. Mgiriki alipokimbia fujo za zamani, zile za wazee wetu, maana kila kizazi hapa kina zake, alimwachia babu funguo na flipa. Babu alimwachia baba. Baba aliiweka barazani kwetu, katika nyumba iliyo kwenye mteremko karibu na mto, akaitunza kuliko alivyoyatunza meno yake mwenyewe.

Mimi niliiogopa tangu mwanzo, kabla hata ya vita. Kichwani mwa mashine kulikuwa na kioo kilichosimama, na juu ya kioo amechorwa mwanamke mweupe mwenye nywele ndefu za njano zilizomfika kiunoni. Chini ya kiuno rangi ilikuwa imebanduka kwa unyevu, ikabaki magamba-magamba ya kijani. Kwetu Kindu mwanamke wa nywele ndefu asiye na miguu ana jina moja tu: mamba muntu. Kila mtoto anajua kwamba anakaa ndani ya mto Lualaba, kwamba anakuita kwa sauti tamu, anakupa mali, kisha siku moja anakuja kuchukua mtu wako. Nilimwambia baba. Alicheka hadi akashika tumbo. "Ule ni muzungu tu, mama. Rangi njo imemutoka." Sikumwamini. Niliona wazi kwamba mkubwa anapocheka hivyo, kuna jambo anaficha.

Kisha vita vikaja. Askari waliushika mji, na wapiganaji wengine wakashika pori lote lililouzunguka, sisi tukabaki katikati kama kuku aliyefunikwa na tenga. Treni ilikoma. Mashua za Lokandu zilikoma. Mashamba ng'ambo ya mto, upande wa Alunguli na kwenda mbele, yakawa haramu: aliyevuka alihesabiwa kwamba anawapelekea chakula watu wa porini, na aliyekamatwa mtoni hakuulizwa mara mbili. Njaa iliingia nyumba kwa nyumba bila kubisha hodi. Tulikula mizizi ya mpapai iliyopondwa. Nakumbuka namna ilivyokuwa inakwama kooni, na namna mama alivyotazama pembeni tulipokuwa tunaimeza.

Jambo la kwanza ambalo askari wale walifanya lilikuwa kukusanya ngoma. Walikuwa wamesikia kwamba watu wa mkoa wetu wa Maniema wanaweza kusemezana kwa ngoma za mti, ng'ambo hadi ng'ambo, na mgeni asielewe neno. Ilikuwa kweli. Basi walipita mtaa kwa mtaa wakazichukua zote, hata ile ya kanisani isiyojua kusema lolote zaidi ya kuita watu misa, wakazipasua kuwa kuni. Tuliwaona wakipikia ngoma zetu kwenye kituo chao pale kivukoni. Kwa akili zao walikuwa wameukata mji ulimi.

Mkubwa wao tulimwita Komanda tu. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya chini sana, na sauti hiyo iliniogopesha kuliko bunduki, kwa sababu ili umsikie ilibidi umsogelee. Siku moja alipanda kutoka kivukoni, akaona flipa barazani kwetu, akaipapasa kioo kwa kiganja. Alijua kuicheza. Kesho yake wakavuta waya kutoka kwenye groupe yao, jenereta iliyonguruma mchana kutwa kwa ajili ya foni, redio yao ya kuongea na wakubwa wa mbali, wakauleta hadi kwetu juu ya miti ya miembe na mapaa ya watu. Tangu hapo kila alasiri, wakishakula, walipanda wote. Walizisimamisha bunduki zao kwenye ukuta, pale pale nilipokuwa naegemeza mkeka wangu. Harufu ya vumbi la moto ilianza kutoka. Na kengele ikaanza kulia.

Ilikuwa kengele ya shaba, nzito, kubwa kuliko ya baiskeli na ndogo kuliko ya shule. Mlio wake ulipita juu ya ngurumo ya groupe, ukapita nyumba, ukateremka hadi majini. Nilikuwa nausikia tumboni.

Sasa nitaeleza hesabu yangu ya kitoto, na msinicheke. Niligundua kwamba kengele ikilia, mama hayupo. Nilizunguka jikoni, nikachungulia chumbani, nikaita nyuma ya nyumba, hayupo. Nikimuuliza baba, alinijibu bila kunitazama, "Ameenda kusali kwa majirani." Lakini kengele ikinyamaza, askari wakishuka, baada ya muda mama aliingia kwa mlango wa jiko. Pindo la kikwembe chake limelowa. Kucha zake zina matope. Alinuka mto. Na mikononi ana fungu la sombe, yaani kisamvu, mihogo kidogo, siku ya bahati samaki wawili watatu waliofungwa kwa ukindu. Mtoto yeyote wa Kindu angejumlisha kama nilivyojumlisha. Mamba muntu wa kwenye kioo alikuwa anamwita mama kwa kengele, mama anaenda kwake majini, naye anampa chakula. Na mamba muntu hatoi bure. Ipo siku atakuja kuchukua mtu.

Kwa hiyo nilikula sombe ile nikilia, na kwa sababu nilikuwa na njaa nilikula yote.

Kilichonitesa zaidi ni baba. Nilimwona anaisaidia. Aliketi kwenye kigoda kando ya mashine, akacheka vichekesho vya askari hata visivyochekesha, akamsifu Komanda: "Mukono yako iko ya zamani, Komanda. Hata Mugiriki mwenyewe hakuipiga hivi." Mchezo ukipoa, mtu akitaka kushuka, baba alimvuta shati kwa utani: "Unakimbia? Tia mpira moja tena." Alikuwa anawaonyesha nguzo ipi inapandisha namba haraka, na nguzo hiyo ndiyo iliyokuwa inapiga kengele zaidi ya zote. Nilimwonea aibu. Baba za wenzangu walikuwa wamenyamaza kama mawe mbele ya watu wale, wangu anawachezesha.

Siku moja nilipata moyo wa kumuuliza mama. Alikuwa anatwanga sombe. "Mama, unaendaka kwa mamba muntu?" Mchi ulisimama hewani. Alinifunika mdomo kwa kiganja chake chenye majani, kwa nguvu, hadi meno yakaniuma mdomo. "Usitaje mto," alisema. "Hata siku moja. Mbele ya muntu yeyote, usitaje mto." Macho yake yalikuwa na hofu ambayo sikuwa nimewahi kuiona kwa mtu mkubwa. Basi nikajua kwamba hesabu yangu ilikuwa sahihi. Kuanzia hapo, kila alasiri nilijikunja nyuma ya mlango wa barazani, vidole masikioni, nikimwomba Mungu aiue ile kengele.

Mungu alinisikia vibaya. Siku yenyewe mbingu ilikuwa nzito na hewa imelowa. Komanda alikuwa anacheza kuliko alivyowahi kucheza. Mpira ulikataa kabisa kutumbukia, namba zinapanda, askari wamemzunguka wanapiga makofi. Mara kengele ikashika. Haikuwa tena kugonga na kuacha, ilikuwa mlio mmoja mrefu, drrrrr, usio na mwisho. Askari walifurahi, wakadhani mashine inamtangazia mkubwa wao ushindi. Komanda mwenyewe aliachia mabawa, akasimama anatabasamu, ameweka mikono kiunoni.

Hapo akatokea askari mbio kutoka kivukoni. Foni ilikuwa inaita, wakubwa wa mbali wanataka kila mtu awe kituoni mara moja. Komanda alikunja uso kama mtoto aliyenyang'anywa ubuyu. Aliwaamuru wote wachukue bunduki washuke. Kisha akamgeukia baba, na kwa sauti yake ya chini akasema, "Usizime. Points yangu ikipotea, utanionyesha mahali ilienda." Akamwacha askari mmoja azilinde hizo namba kwenye kioo, bunduki magotini. Wengine wakateremka mtoni. Kengele ikaendelea kulia.

Baba alisimama mwisho wa baraza, mahali ambapo kati ya paa mbili unaona kipande cha mto. Alitazama. Akarudi hadi kwenye mashine. Akaenda tena, akatazama. Jasho lilikuwa linamtoka hadi kwenye nyusi, na mimi nilikuwa namchungulia kutoka nyuma ya mlango.

"Kaka yangu," alimwambia yule askari, "acha nizime kengele tu. Points itabakia."

"Komanda amesema usizime."

"Sizimi. Ni kengele tu."

"Kaa chini, muzee."

Baba hakukaa. Alinitazama, akaniona vizuri kabisa pale nilipodhani nimejificha. Kisha alipiga magoti, akafungua kimlango cha mbele cha mashine, akaingiza mkono hadi begani na kuvuta. Kulikuwa na cheche ya bluu, na nywele za mkono zikanuka. Alivuta tena, akaitoa kengele na nyaya zake zinaning'inia kama mizizi, akaitupa nyuma ya jiko kwenye majivu. Kimya kiliingia. Taa zote zilikuwa bado zinawaka na namba za Komanda ziko palepale. Nilisikia mbwa akibweka ng'ambo ya mto.

Askari alikuwa ameshasimama, mtutu umemwelekea baba. "Sababu gani?"

"Ilikuwa inaniumiza kichwa," baba alisema.

Na mimi, nyuma ya mlango, nilifurahi. Lazima niseme hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Niliruka-ruka kimyakimya. Baba alikuwa amemkata mamba muntu sauti, na mama hataitwa tena.

Komanda aliporudi alivuta kijiti, mpira ukapanda, ukagonga ile nguzo, namba ikapanda bila mlio. Alijaribu tena. Kisha akamwita baba asogee, na baba akasogea.

"Nani aliikata ulimi?"

"Ni mimi, Komanda. Ilikuwa inaniumiza kichwa."

"Kichwa."

"Kichwa, Komanda."

"Kichwa tu? Hakuna kintu ingine?"

"Kichwa tu."

"Vizuri," Komanda akasema kwa upole. "Kichwa yenye kuuma, dawa yake ni muzigo."

Walimchukua jioni ile ile pamoja na wanaume wengine waliokuwa wamekusanywa kubeba masanduku, kuelekea Kibombo kwa kufuata reli. Mkono wake ulikuwa umevimba malengelenge. Alipopita mlangoni hakunipa mkono, hakuniaga. Alisema tu, "Mauwa, funga mulango ya flipa, vumbi isiingie." Nikaifunga.

Mama alifika giza likiwa limeanza, kwa njia ya nyuma ya mbali, bila kitunga, amelowa hadi kifuani. Aliitazama mashine. Akanitazama mimi. Nikamwambia yote kwa pumzi moja: baba ameua kengele kwa sababu ya kichwa kumuuma, na wamemchukua. Mama aliketi chini palepale mlangoni. Hakulia kwa sauti, kwa maana siku zile kulia kwa sauti kulikuwa kunaleta maswali.

Wengine walirudi, wamekonda, mabega yamechubuka. Baba hakurudi. Mmoja alisema alishikwa na homa wakamwacha kando ya njia, hajui zaidi. Tulingoja hadi kungoja kukawa aibu. Kwetu mtu aliyefia mbali huzikiwa kitu chake ili roho yake ijue kwao ni wapi. Wazee walikata shina la mgomba, wakalivika shati la baba, wakalizika nyuma ya jiko. Sisi watoto tulizuiwa kusogea. Niliona tu mama akienda pale mwishoni na kitu ndani ya pindo la kikwembe, na akirudi pindo likiwa tupu. Baada ya hapo alisema hataki kuiona ile mashine, Shangazi Zuena akaja kuichukua.

Nilikua. Nilisoma, nikaacha mambo ya mamba muntu kwa watoto, na nilipoyaacha nikabaki na hasira mahali pake. Maana ukimtoa mamba muntu katika habari hii, kinachobaki ni mtu mwenye mke na mtoto, wakati wa njaa na bunduki, aliyeshindwa kuvumilia kelele. Baba za wenzangu walikufa kwa risasi, kwa maji, kwa kipindupindu. Wangu alikufa kwa kuumwa kichwa. Mama akisema, "Ile flipa njo iliua baba yako," nilikuwa naitikia, nikidhani tunasema neno moja. Nilikuwa nampenda baba na nilikuwa sijamsamehe, na nilivibeba vyote viwili hadi sokoni na kurudi. Sokoni nako kulikuwa na jambo ambalo sikulitilia maanani: wamama wazee wanaouza sombe na samaki, wakishanipimia, kila mara waliniongezea matabishi makubwa, ile nyongeza ya bure, bila mimi kuomba. Nilidhani ni kwa sababu nina adabu.

Basi ndiyo maana sikuikataa flipa wala sikuiuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Nilitaka kuisikia. Nilitaka niketi mbele yake nikiwa mkubwa nijue kama kweli kengele ile inaweza kumuuma mtu kichwa kiasi cha kumwacha mtoto wake. Shabani aliipakia kwenye mkokoteni hadi kwangu, na tukaanza. Raba zilizozunguka nguzo zilikuwa zimekufa, tukakata mpya kutoka kwenye mpira wa ndani wa baiskeli. Mpira wa chuma ulikuwa na kutu, tukapata mwingine kwenye beringi ya lori. Vikutanio vya nyaya tulivisugua kimoja kimoja kwa limau na msasa laini hadi vikang'aa. Mwanamke wa kwenye kioo nilimpangusa mwenyewe. Baba alikuwa amesema kweli: ni mzungu tu, na chini kidogo, ukimulika, unaona hata viatu vyake.

Taa ziliwaka, mabawa yalipiga, namba zilipanda. Kilichokosekana ni kengele. Ndani ya kimlango palikuwa na skrubu mbili na nyaya mbili zilizonyofolewa, ncha zimeungua nyeusi. Niliziona nikalazimika kukaa kidogo.

"Bila kengele haiko flipa, yaya," Shabani aliniambia mimi dada yake. "Iko meza. Uliza mama, labda anajua mahali ilianguka."

Mama anaishi nami. Alikuwa uani anachagua mchele katika ungo, na kwa muda wote wa kazi yetu hakuwa ameigeukia mashine hata kwa jicho moja. Nilichuchumaa karibu naye, nikamuuliza.

"Kengele iko na mwenyewe," alisema.

"Mwenyewe nani?"

"Baba yako. Nilimuwekea ndani ya shati." Akatoa jiwe kwenye mchele, akalitupa.

Nilisimama wima. "Mama, unamuzika muntu na kintu iliyomuua? Alikufa juu ya kichwa kuuma, na unamutilia kengele mule mule?"

Mikono yake ilisimama juu ya ungo. Alinitazama muda mrefu, na nikaona uso wake unabadilika, kama mtu anayegundua kwamba nyumba aliyolala ndani yake miaka yote haina ukuta mmoja.

"Juu ya kichwa?" alisema. "Mauwa. Wewe ulikuwa pale."

"Nilikuwa pale. Nilimusikia mwenyewe."

"Mimi nilifikiri unajua. Miaka yote nilifikiri unajua, njo maana haupendi kuongea."

Kisha akanieleza, akiendelea kuchagua mchele kwa sababu bila kazi mkononi asingeweza. Ngoma zilikuwa zimepasuliwa. Wamama wa chini karibu na mto walikuwa wanataka kuvuka kwenda mashambani, na wasingeweza kujua kivuko kina macho au hakina. Baba ndiye aliyewaambia: askari wameniletea ngoma nyingine barazani, na umeme wanaleta wao wenyewe. Kengele ikilia, wote wako juu wanacheza, vukeni. Kengele ikinyamaza, wanashuka, ingieni kwenye matete mjifiche. Ndivyo walivyovuka alasiri zote zile.

"Siku ile tulikuwa ng'ambo, mutumbwi imejaa. Wengine na watoto mugongoni. Kengele ilikuwa inalia tu, inalia tu, tukasema leo wanacheza sana, twende. Tukatoka. Tulikuwa kati-kati ya maji njo ikanyamaza." Alipepeta ungo mara moja. "Mara moja tu, kama kukata. Tukageuza, tukaingia matete ya kile kisiwa. Tulikuwa hatujatulia, tukawaona. Wamejipanga kivukoni, wote, bunduki mukononi, wanatazama maji. Kama ingelia kidogo tena, mutumbwi ingewafikia palepale kwenye miguu."

Nilishika ukingo wa ungo.

"Alisema kichwa," mama akaendelea, "sababu neno ingine yoyote ingewafanya watazame mto. Walimuuliza mara ngapi?"

"Nyingi."

"Na alisema nini?"

"Kichwa."

"Basi."

Niliogopa upya, na hofu hii ilikuwa mbaya kuliko ile ya utotoni, kwa kuwa sasa nilikuwa naona kitu chenyewe: mtumbwi katikati ya Lualaba, mama ndani yake, na mlio unaomwita aje. Nilikuwa karibu zaidi na ukweli nilipokuwa mtoto wa kuogopa mamba muntu. Kengele ilikuwa inampeleka mama mtoni kweli. Ilikuwa inatulisha kweli. Na mtu alichukuliwa kweli. Nikawafikiria wale wazee wa sokoni na matabishi yao, na namna nilivyoyapokea miaka yote nikiona ni haki yangu. Nililia juu ya mchele wa mama hadi akausogeza ungo, akisema utalowa.

Shabani alikuwa amesimama mlangoni, hajui aweke wapi mikono. Aliuliza kama aache. Mama ndiye aliyemjibu: "Tia ingine. Kintu ya muntu haikae bila sauti."

Alileta kengele ya toleka kuukuu, baiskeli ya kubebea abiria, akaifungua mfuniko, akaifunga kwenye zile skrubu mbili, akaunga nyaya. Ilikuwa alasiri. Nilimsikia anavuta kijiti, mpira ukapanda, ukagonga nguzo. Kengele ikalia.

Sikujijua hadi nilipokuwa mlangoni, mgongo ukutani, mikono masikioni, mtoto yule yule. Nilipofungua macho nikamwona mama. Alikuwa amesimama katikati ya ua. Alikuwa amekaza kikwembe chake kiunoni kwa fundo lile la kazi, ungo mkononi kama kitunga, uso ameuelekeza mtoni. Sidhani kwamba alijua amesimama.

Ndani, Shabani aliacha, kengele ikanyamaza, na nikaona mabega ya mama yanainama ghafla, kichwa kinashuka, kama mtu anayejificha ndani ya majani.

Basi nilitoa mikono masikioni. Niliingia, nikamsogeza Shabani, nikavuta kijiti mimi mwenyewe. Harufu ya vumbi ilikuwa imenijaa puani, lakini niliitafuta ile nguzo moja, nikaigonga, nikaigonga tena, sikuiacha inyamaze. Kwa mlango ulio wazi nilikuwa namwona mama. Nilicheza hadi alipofungua fundo la kikwembe chake na kukaa.